Mtoto Niliyeahidiwa

Jumamosi, 3 Agosti

Sare, sare, sare. Kila Agosti ni hivi. Akina mama wa Nguba, mtaa wetu hapa Bukavu, wote wanakumbuka wiki moja kwamba shule inafunguliwa mwezi ujao. Sketi za buluu, mashati meupe. Vidole vinaniuma. Mtoto mmoja amelia nilipompima kiuno, kumbe anaonea haya tumbo lake. Nimemwambia tumbo ni mali ya mtu, asilifiche. Akacheka.

Tonton Gaspard, ndugu wa marehemu baba, amepiga simu. Kesho baada ya misa, kikao cha familia nyumbani kwake. Ni habari ya Asifiwe, binti wa Deo, mdogo wangu. Deo amepeleka kesi mahakama ya watoto, anataka apewe mtoto. Yeye na mkewe Mapendo wameachana huu mwaka wa tatu, na Mapendo alirudi kwao Luvungi, kule bondeni, akiwa na mtoto. Sasa mtoto ametimiza miaka saba. Kwa wazee wetu miaka saba ni kengele: mtoto arudi kwa baba yake.

Sina hamu ya kikao. Nina sketi za kukata.

Jumapili, 4 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Walikuwapo wote. Wajomba wa mtoto hawakualikwa, bila shaka, ni upande wa baba tu. Tonton Gaspard amekaa kwenye kiti chake kikubwa kama kawaida, miguu kwenye kizulia. Amesema familia itamtuma mtu mmoja kuzungumza mbele ya jaji kuhusu masilahi ya mtoto, na mtu huyo ni mimi. Majaji siku hizi wanapenda kusikia mwanamke, amesema. Mimi ni shangazi, dada mkubwa wa baba, nina nyumba safi, naenda kanisani.

Nikauliza mtoto atalala wapi, maana kazi ya Deo ni safari tupu. Wiki Uvira, wiki Shabunda, shirika lao halimpi pumzi. Na mke wake mpya ana mimba.

Wakatazamana. Ndipo Tonton Gaspard akasema: "Mutoto ataishi kwako, Espérance. Mungu alikunyima. Familia inakupatia."

Wakapiga makofi. Deo naye akapiga, macho yamelowa, kweli anadhani amenitendea wema. Na amenitendea. Nina miaka arobaini na minne. Niliolewa, nikangoja, nikarudishwa kwetu na masanduku yangu kwa sababu ya tumbo lisilozaa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivi.

Nilifurahi. Naandika hivyo waziwazi ili baadaye nisije nikajidanganya.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeondoa vitambaa vyote kwenye chumba cha nyuma. Nimefagia. Nimeleta kitanda kile kidogo kutoka kwa jirani, alikuwa hakitumii. Ukutani kuna alama ya unyevu, nitaipaka rangi.

Halafu nimeshona sare yake. Bila kumpima. Mimi, ambaye sikati hata kitambaa cha mezani bila kupima. Nimekisia tu kwa jicho, jinsi alivyokuwa kwenye mazishi ya mama yake Deo, amesimama karibu na mlango anakula ndizi. Nimeacha upindo mnene chini, vidole vitatu, kwa sababu watoto wanakua.

Nimeitundika kwenye msumari. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo kwa wakili wa Deo, ofisi yake iko Ibanda, ngazi nyingi. Kijana mwenye koti zuri. Ushonaji wa mabega ni mbaya lakini koti ni zuri.

Amenifundisha maneno. Shule nzuri, hatua chache kutoka nyumbani. Maji ya bomba. Hospitali karibu. Usalama, kwa sababu kule bondeni huwa wanasikia risasi. Yote ni kweli. Kisha akanionya nisitaje kabisa kwamba mtoto ataishi kwangu. Niseme "kwa baba yake". Jaji anapaswa kuona baba, mke wa baba, ndugu anayekuja. Familia kamili. Anarudia kila dakika intérêt supérieur, intérêt supérieur, masilahi ya mtoto, hadi maneno yakaniishia maana.

Nikamuuliza kama amewahi kumwona mtoto. Akacheka. Si lazima, amesema, tuna makaratasi.

Makaratasi! Hata mimi sijamwona tangu mazishi yale. Nimerudi nyumbani na hasira nisiyojua niimwage wapi. Nimemwaga kwenye pasi. Nimeunguza kola.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kwa mkono unaonuka moshi wa kuni. Nimetoka Luvungi.

Deo ndiye aliyenituma. Nipige picha za nyumba ya Mapendo: matope, choo, maji ya kuchota, chochote cha kutia huruma. Nimechukua simu, nimechukua na sare, nikasema nitaua ndege wawili kwa safari moja. Joto la bonde limenishika shingoni tangu Kamanyola.

Mapendo hakunipa kiti. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akaniuliza nimekuja kuchukua nini. Nikasema nimekuja kumsalimu mtoto. Akanitazama muda mrefu. Halafu akaleta kiti, na baadaye bugali na mboga ya lenga-lenga, kwa sababu ni mtu wa heshima kunishinda mimi niliyeingia kwake na simu ya kupiga picha.

Asifiwe amekuwa mrefu. Mrefu! Shingo ndefu, miguu kama ya korongo, meno mawili ya mbele yameng'oka na mengine yanachungulia. Nimemvika sare na sketi ikamwishia juu ya magoti. Amejitazama, akacheka, akasema ni ya mdogo wake. Hana mdogo. Nimempima, nikairudisha sare mkobani.

Amenipeleka shambani kwa bibi yake, mpunga unaiva. Watoto wanafukuza ndege kwa kelele na makopo. Naye ni jemadari wao. Anawapanga: wewe kule, wewe huku, wewe piga kopo wakishuka. Wakubwa kumzidi wanamtii. Bibi yake amekaa kivulini anapeta, anamwita kila mara kumuuliza kitu, na mtoto anamjibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima.

Sitaficha mabaya. Mwezi uliopita alipata malaria kali, Mapendo alimbeba mgongoni usiku hadi kituo cha afya. Chandarua chao kimetoboka. Paa la shule limeng'oka upande mmoja. Risasi wamesikia, mara mbili mwaka huu, mbali. Nimeuliza yote, Mapendo amejibu yote, hajapamba kitu.

Jioni mtoto alikaa nami kwenye mkeka. Akaniuliza: "Shangazi, kwako unalalaka na nani?"

Nikamwambia nalala peke yangu.

"Hauogopake?"

 Akasema: "Basi kuya ulalake kwetu. Nafasi iko."

Akasogea kwenye mkeka kunionyesha nafasi yenyewe. Ilikuwa ndogo, kati yake na ukuta.

Sikupiga picha hata moja.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda misa. Nimekaa na kitanda kile kidogo kwenye chumba cha nyuma.

Niiseme tu. Anayehitaji mtoto ni mimi. Asifiwe hahitaji shangazi. Jana alinionea huruma mimi, mwenye maji ya bomba.

Nami nilikuwa na miaka saba baba aliponifuata kwa mama yangu, kijijini Walungu. Mama yake Deo ndiye mke aliyefuata. Nililetwa hapa hapa Nguba, kwa shangazi yangu. Hakunipiga. Nilikula nyama kila Jumapili, nilisoma, alinifundisha cherehani. Watu wakiniuliza nasema sikukosa kitu. Nilikosa kuulizwa. Mama alikuwa akija kunitembelea, anakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, anamwomba shangazi ruhusa ya kunisuka nywele. Halafu akaacha kuja.

Na shangazi alinipenda. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Alinipenda na bado haikuwa haki.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwambia Deo. Siwezi kusema maneno ya wakili wake. Nitasema niliyoyaona.

 Akapandisha sauti, Deo ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu nimfundishe kufunga viatu. "Unataka mutoto wangu akufe na malaria kule?"

Neno hilo limenichoma. Kwa sababu si mjinga na si mtu mbaya, na malaria ipo. Nikamjibu chandarua hakijui jina la baba, kinaweza kutundikwa hata Luvungi. Dawa pia. Bati za shule pia. Kama anampenda, ampende huko aliko. Akasema mtoto wa Mushi, mtu wa kabila letu la Wabashi, halelewi na wakwe. Nikamuuliza ni nani atakayemlea basi, maana si yeye. Akaondoka bila kunywa chai.

Dakika chache baadaye simu ya Tonton Gaspard. Hakupiga kelele, yeye hapigi kelele. Amenikumbusha kwamba parseli hii, kiwanja na nyumba ninayoishi na kushonea, ni ya marehemu baba, yaani ya familia. Mtu anayekaa kwenye parseli ya familia anasema neno la familia. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nimeelewa vizuri sana. Baba alinipa nyumba hii kwa mdomo wake, mbele yake yeye mwenyewe Gaspard, akila dagaa zangu za sambaza. Waje wanitoe. Waje na mkokoteni, cherehani yangu ni nzito.

Wanafikiri wataniondoa kwenye orodha ya mahakama. Wamechelewa. Convocation, barua ya wito, ina jina langu na mhuri tayari.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Kanisa limejaa. Benchi la familia yetu, kwenye nafasi yangu wameweka mkoba. Nimekaa nyuma na akina mama wa sokoni. Hakuna aliyenisalimu wakati wa kutakiana amani.

Nimeimba kwa nguvu zangu zote. Sauti yangu si nzuri. Wameisikia.

Jumatatu, 19 Agosti

Binamu yangu ambaye ni mkurugenzi wa shule amechukua vitambaa vyake vyote. Sare za madarasa mawili. Amesema amepata mshonaji mwingine. Hakunitazama usoni. Nimemfungia vizuri kwenye kamba, kila kipande na mahali pake, asije akasema nimemharibia.

Nina woga. Ndiyo, nina woga, nani kasema sina. Lakini woga na kunyamaza ni vitu viwili. Nimelala nao wote Wabashi wenzangu katika kichwa changu, nikawajibu mmoja mmoja. Asubuhi bado nilikuwa na majibu.

Kitu kimoja kinanisumbua kuliko parseli. Je, kama nimekosea? Je, kama mvua zikija anapata homa ile tena, na Mapendo anachelewa njiani? Litakuwa kosa la mdomo wangu. Nimekizungusha hiki kichwani siku nzima, na kila mara nafika mahali pale pale: mtu amuulize mtoto. Jaji na amuulize. Mimi nitasema nilichokiona, na sitakipamba, na sitakipunguza.

Nimetazama tena chumba cha nyuma. Rangi imekauka. Kimependeza, kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo.

Chumba kidogo, milango imefungwa, kesi za watoto hazisikilizwi mbele ya watu. Jaji ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba, anaandika bila kuinua kichwa. Mapendo amekaa peke yake, hana wakili, amevaa kitenge chake kizuri. Asifiwe alikuwa nje na mfanyakazi wa jamii wa mahakama, namwona kupitia kioo akizungusha mguu.

Wakili alizungumza vizuri. Kama ningekuwa simjui mtoto ningempa hapo hapo. Bomba, shule, hospitali. Nyumba ya baba. Kisha jaji akaita mtu aliyetumwa na familia.

Nilisimama. 

Nilisema kwamba kila kitu alichosema wakili kuhusu shule na maji ni kweli. Nilisema pia kuhusu malaria, chandarua, paa na risasi, na Mapendo akafumba macho. Halafu nikasema kitu kimoja hakijatajwa. Mtoto hataishi kwa baba yake. Ataishi kwangu. Mimi ndiye niliyeahidiwa huyu mtoto.

Wakili alinyanyuka. Jaji akamkalisha kwa kidole, na kwa mara ya kwanza akaninyanyulia macho.

"Na wewe mwenyewe, maman, unamutaka?"

"Namutaka sana, madame le juge. Nimeshamuwekea kitanda. Njo maana musiniamini mimi nikisema kama kuishi kwangu njo faida yake."

 Nilisikia Deo akipumua nyuma yangu.

Nikaendelea kabla sijapoteza nguvu. Nilieleza niliyoyaona: shamba, ndege, bibi anayemwita kila dakika, mama aliyembeba usiku. Nikasema mtoto huyu ana watu wanaomtegemea, na akiletwa Nguba atakuwa na bomba na mwanamke mmoja anayemtegemea yeye. Chandarua kinaweza kupanda taxi kikashuka Luvungi. Bibi hawezi kupandishwa taxi akaletwa hapa na shamba lake. Niliomba mtoto abaki kwa mama, baba amtunze huko huko, na likizo aje kwetu ajue ukoo wake. Niliomba pia aulizwe mwenyewe, bila sisi.

Jaji alimwita. Sisi sote tukatolewa nje. Alikaa naye muda mrefu. Sijui alisema nini na sitamuuliza kamwe. Alipotoka alisema ana njaa, nikamnunulia mandazi mawili, moja akampelekea mama yake, nusu ya lingine akampa baba yake. Deo aliishika ile nusu mkononi hadi tukaachana.

Tonton Gaspard alikuwa anangoja kwenye ngazi na fimbo yake. Alisema mbele ya watu wote: "Wewe hauko wetu tena."

Nikamwambia nimezaliwa kwao, na hilo hakuna kikao kinachoweza kulifuta. Nikashuka ngazi nimenyoosha mgongo. 

Ijumaa, 23 Agosti

Asubuhi nimekuta kibao changu cha ushonaji kimeng'olewa na kutupwa mtaroni. Nimekiosha. Nimekigongomelea tena, misumari mirefu zaidi. Mtoto mwenye tumbo lake amekuja na mama yake kuchukua sare. Imemkaa vizuri sana.

Ijumaa, 30 Agosti

Mtoto anabaki kwa mama yake. Baba anawajibika kwa matibabu na shule. Likizo kubwa na Krismasi, kwa upande wa baba, Bukavu. Jaji amesoma haraka, bila kumtazama mtu, kama mtu mwenye mafaili mengine kumi yanayongoja, na bila shaka anayo.

Mapendo alilia kimya, bega kwa ukuta. Hakunishukuru. Anishukuru kwa nini? Hakupewa kitu, ameachiwa kilicho chake. Alinishika tu mkono akipita, kwa nguvu, akanitazama kama siku ile mlangoni, ila safari hii bila mwiko.

Deo alitoka bila kunisemesha. Familia imenipa hadi mwisho wa mwaka niondoke kwenye parseli. Sitoki. Nimeulizia, binti naye ni mrithi, sheria inasema hivyo. Nitawasomea sheria hiyo wote kama ni lazima, nimeshajua njia ya mahakama, najua hata ngazi ipi imevunjika.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimefumua upindo wa sketi. Vidole vitatu. Nimepiga pasi pole pole hadi mstari wa zamani ukafifia, ingawa mtu akitazama karibu atauona. Shati nalo nimeliongeza kwenye mikono.

Nilikuwa nafunga kifurushi Deo alipokuja. Hakuingia. Aliweka chandarua kipya mezani karibu na mlango, kikubwa, cha watu watatu. Akasema: "Utaitia mu colis, dada. Pamoja na ile sketi." Nikakitia. Akauliza kama kweli Asifiwe anawapanga watoto shambani kama jemadari. Nikasema kweli. Akatikisa kichwa, akaenda.

Dereva wa Luvungi amechukua kifurushi mchana. Ameahidi kukifikisha leo leo.

Jumatatu, 2 Septemba

Asubuhi yote watoto wamepita mbele ya kibao changu wakishuka shuleni. Buluu na nyeupe, buluu na nyeupe. Nimewatambua walio wangu kwa mishono.

Buluu ni hiyo hiyo kila mahali, hapa na kule bondeni. Hakuna aliyelazimika kushona nyingine. Kufikia sasa kule nako wamekwisha kupanga mstari. Sketi inamfikia magotini, nina hakika, safari hii nilimpima.

Kitanda nimekiacha kilipo. Jana usiku niliogopa kidogo, kama Asifiwe alivyoniuliza.

Mama mmoja ameingia na kitambaa cha kitenge. Nimechukua mita ya kupimia.